Mkwe Huzikwa Upande Gani

Kabla hajaja, Japani ilikuwa yangu.

Nilikuwa nikifundisha historia katika shule ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya mji wa Kajiado, na kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyeitaka kazi hiyo, nilikuwa pia mwenye funguo za maktaba. Maktaba yenyewe ilikuwa stoo ya zamani ya mahindi. Katikati ya miaka ya tisini, kijana wa Kijapani aliyejitolea kufundisha sayansi kwetu alimaliza muda wake, na siku ya kuondoka akaniletea katoni ya vitabu vya Kiingereza kuhusu watu wa kwao. Alinipa mimi kwa sababu nilikuwa na funguo, basi. Lakini niliipokea ile katoni kama mtu aliyechaguliwa.

Nilivisoma vyote. Tulikuwa tumepanga Kitengela, mimi, mume wangu aliyefanya kazi katika kiwanda cha saruji huko Athi River, na mapacha wetu. Jumapili baada ya kanisa niliweka kiti uani, nikasoma huku nguo zikikauka. Nilisoma jinsi Wajapani wa zamani walivyoihesabu nyumba kuwa kubwa kuliko watu wanaoishi ndani yake, na jinsi walivyokuwa tayari kufanya karibu lolote ili jina la nyumba lisikatike. Wiki ikianza, saa ya chai, nilisimulia katika chumba cha walimu.

Kisa walichokipenda zaidi kilikuwa cha mkwe.

"Mtu akiwa na mabinti peke yake," niliwaambia, "anamtafutia mmoja wao mume atakayekubali kuhamia kwao. Huyo mume anaacha jina lake, anachukua la baba mkwe, na kuanzia siku hiyo yeye ndiye mwana wa nyumba."

Wanaume walicheka mpaka wakaweka vikombe chini. Mwalimu wa hesabu alisema mwanaume kama huyo, kwao hata mbwa wa boma hangejisumbua kumbwekea. Walianza kuniita Balozi. Mwalimu mkuu mwenyewe, mama mkali asiyependa porojo, alikuwa akipita na kuuliza, "Balozi, leo kuna nini huko Japani?" Nami nilikuwa na kitu cha kumwambia kila mara.

Sikuwaambia kwa nini kisa hicho kilinishika. Baba yangu, kule magharibi, alizaa mabinti bila mvulana hata mmoja. Alipokufa, shamba lilikwenda kwa mtoto wa ndugu yake. Hakuna aliyetuuliza neno. Tulipikia waombolezaji, tukaosha sufuria, tukarudi kwa waume zetu.

Ndipo akaja yeye. Alihamishwa kutoka shule moja ya Namanga kuja kufundisha Kiswahili na dini, mwanamke Mmaasai wa rika langu, mrefu, mwenye sauti ya chini. Nyumbani kwao kulikuwa upande wa Isinya. Siku yake ya tatu nilikuwa nikisimulia tena kisa cha mkwe, kwa ajili yake kama mgeni, na wengine wote walikuwa tayari wanacheka kabla sijafika mahali pa kucheka. Yeye hakucheka. Alingoja wanyamaze.

"Mwalimu, niko na swali," akasema. "Huyo mwanaume akikufa, anazikwa upande gani? Kwao ama kwa kina bibi?"

Lilikuwa swali ambalo mtu yeyote wa Kenya angelifikiria, na mimi kwa mwaka mzima sikulifikiria.

"Hiyo haijaandikwa," nikasema.

"Haiwezi kukosa kuandikwa. Watu wanaojali jina la nyumba hivyo lazima wanajali kaburi." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha mwenyewe. "Nikuombe hizo vitabu nisome?"

Nilimwazima kimoja. Alikirudisha baada ya siku mbili, kimefungwa kwa gazeti kisichafuke, akaomba kingine. Kabla ya likizo ya Agosti alikuwa amemaliza katoni nzima. Kisha akaniambia vitabu vyangu ni vizuri lakini ni vya zamani, wengi walioviandika huenda wamekufa, na dunia imeendelea kusoma na kuandika baada yao.

"Tuandike barua," akasema.

"Kwa nani?"

"Kwa chuo zao. Tuseme sisi ni walimu, tunataka kujua. Atakayejibu ajibu."

Nilimwambia aandike, mimi nina karatasi za mtihani za kusahihisha. Ukweli ni kwamba niliona aibu kwa niaba yake. Niliona jinsi barua ya mwalimu wa Kajiado itakavyotupwa kwenye pipa la taka na karani fulani. Aliandika kwa mkono, kwa Kiingereza kilichonyooka, nakala nane, akazipeleka posta mwenyewe.

Majibu mawili tu ndiyo yaliyokuja, lakini yalitosha kuniharibia usingizi. Moja lilitoka kwa mhadhiri mwanamke wa Japani, lenye kifurushi cha vitabu vitatu na makala za utafiti zilizobanwa kwa pini. Katika ukurasa wa barua alikuwa amejibu swali: mkwe wa namna hiyo huzikwa katika kaburi la nyumba aliyoingia, pamoja na wazazi wa mkewe, maana yeye si mgeni tena pale. Mwenzangu aliisoma barua hiyo saa ya chai, amesimama kando ya dirisha. Hakuna aliyecheka. Mwalimu wa hesabu akasema polepole, "Kwa hivyo wanamchukua kabisa." Mjadala ukaendelea mpaka kengele ikalia na hakuna aliyeinuka, na mimi nilikuwa wa kwanza kuchukua chaki yangu na kutoka.

Kuanzia hapo vifurushi viliendelea. Mhadhiri yule alimjulisha kwa rafiki yake aliyechunguza familia za Korea, huyo naye akamtaja kwa mwingine aliyeandika kuhusu Uchina. Mwenzangu hakuficha kitu. Kila kitabu kilipofika, alikileta kwangu kwanza nikipige muhuri wa maktaba, ingawa vilikuwa vyake. Akapendekeza tukutane kila Jumatano baada ya michezo, walimu wanaotaka, tugawane sura za kusoma kisha kila mmoja aeleze yake. Tulikuwa sita. Tulisoma kuhusu vitabu vya koo za Wakorea, ambamo majina ya wanaume hufuatana vizazi na vizazi na binti huandikwa kwa kutajwa mumewe. Tulisoma kuhusu vijiji vya Uchina ambavyo vijana wake wamekwenda mijini kutafuta kazi na watoto wakabaki kwa nyanya zao. Watu walizungumza kwa moyo. Hakuna kilichokuwa kimewahi kuwafanya wazungumze vile kwenye masimulizi yangu. Mimi niliwachekesha. Yeye aliwauliza kwao mambo hayo yakoje.

Mwalimu mkuu akaanza kupita na kumwuliza yeye. Jina la Balozi likahama, na wala hakuna aliyekusudia lihame. Siku moja mwalimu wa hesabu aliingia akasema, "Balozi, umebarikiwa na kifurushi huko ofisini," na mimi nikasimama. Alikuwa akimtazama yeye. Nilijifanya ninaelekea kwenye birika la chai.

Nilianza kuvisoma vitabu vyake kabla yake, kwa kuwa vilipita mikononi mwangu kupigwa muhuri, ili Jumatano niwe ninajua mahali atakapokosea. Hakukosea mara nyingi. Alipokosea nilimsahihisha mbele ya watu, naye akasema, "Ashe oleng, enkanashe," yaani asante sana, dadangu, akaandika sahihisho kwenye daftari lake. Hata hilo liliniuma, kwamba kosa lake likishasahihishwa lilimwongezea.

Mume wangu alinisikiliza wiki nyingi. Jioni moja nilipokuwa nikimweleza jinsi mwenzangu anavyotamka vibaya jina la mji fulani wa Uchina, aliacha kula.

"Wewe unajua vile linatamkwa?"

"Sijui, lakini si vile."

"Unamwonea wivu," akasema, akaendelea na ugali wake. Siku tatu sikuzungumza kuhusu vitabu nyumbani.

Mvua za El Niño zikaja mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba. Waliokuwa Kajiado wanazikumbuka: nyika iliyozoea vumbi ikawa ziwa, magari yakazama kwenye udongo mweusi, na mbu wakaleta homa kwa watu na ng'ombe. Ijumaa moja mchana niliingia maktaba kufunga madirisha, nikaona dari limefanya tumbo. Tone moja lilikuwa likidondoka polepole juu ya rafu ya mwisho. Kwenye rafu hiyo, juu kulikuwa na katoni yangu, na chini yake vitabu vyote vya mwenzangu vimepangwa kwa mpangilio wake, Japani kushoto, Korea katikati, Uchina kulia.

Nilichukua katoni yangu. Niliibeba kichwani nikavuka uwanja kwenye mvua, nikaiweka juu ya kabati katika chumba cha walimu. Nilijiambia ninarudi kuvichukua vile vingine. Kisha nikajimiminia chai. Nilikaa pale kama nusu saa nikingoja mvua ipungue nipate kwenda Kitengela, na katika nusu saa hiyo ningeweza kuvuka uwanja mara sita. Nilifikiri, dari limekaa hivyo miaka mingi, litakaa mpaka Jumatatu. Mvua ilipopungua nilikwenda, nikafunga mlango wa maktaba kwa kufuli bila kutazama ndani, nikaenda zangu.

Ilinyesha siku zote mbili. Jumapili kanisani tuliimba, mvua ikipiga mabati kwa nguvu hata mhubiri akaacha kuhubiri akangoja. Watu walikuwa wameinamisha vichwa. Mimi nilikuwa nikiwaza rafu.

Jumatatu nilikuta barabara imekatika mahali, nikachelewa. Nilipofika, mlango wa maktaba ulikuwa wazi, maana mwalimu mkuu alikuwa na funguo za akiba, na mwenzangu alikuwa amepiga magoti sakafuni kwenye maji. Dari lilikuwa limeanguka. Vitabu vilikuwa vimefura kama mikate, makala za utafiti zimegandamana zikawa kitu kimoja. Alikuwa akivitenganisha kwa kisu cha kupakia siagi.

"Pole," nikasema.

"Asante." Hakuinua kichwa. "Zako?"

"Zangu ziko salama. Nilikuwa nimezihamisha."

"Vizuri," akasema.

Wiki hiyo jua lilitoka kidogo kidogo. Alichukua wasichana wa kidato cha tatu, wakatandika magunia juu ya nyasi nyuma ya bweni, wakaweka gazeti kati ya kila kurasa mbili, wakageuza kitabu baada ya kitabu kama watu wanaoanika nyama. Nilisaidia. Nilisaidia kuliko mtu yeyote. Nilileta pasi ya makaa kutoka nyumbani nikapiga pasi karatasi za Korea moja moja, mpaka vidole vikaota malengelenge, na wasichana wakasema, "Mwalimu, wewe unapenda vitabu sana." Zaidi ya nusu vilisomeka tena, ingawa vilikuwa vimekunjamana na kunuka. Vingine tulivizika kwenye shimo la takataka.

Kuna methali isemayo dua la kuku halimpati mwewe. Mimi nilikuwa kuku ambaye dua lake lilimpandisha mwewe juu zaidi. Mwenzangu alimwandikia mhadhiri wa Japani kumwomba msamaha kwa vitabu vilivyoharibika, akatia picha ambayo mwalimu mmoja alikuwa amepiga: wasichana wa sare ya kijani wamechuchumaa kwenye nyasi, kurasa zimetandazwa kati yao. Hakuomba chochote. Baada ya miezi michache jibu likaja, na ndani yake fomu. Mhadhiri aliandika kwamba amefundisha maisha yake yote na hajawahi kuona vitabu vyake vikitunzwa namna ile. Kulikuwa na nafasi ya masomo chuoni kwao kwa mtu kutoka Afrika anayetaka kuchunguza familia. Je, angependa kuomba?

Alinionyesha barua hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilimwambia hongera. Nilimwambia mara nne, kwa sababu sikujisikia nikisema.

Karamu ya kumuaga ilifanywa kwao Isinya. Hapo ndipo nilipojua habari zake ambazo hakuwa amezisimulia Jumatano yoyote. Baba yake naye hakupata mvulana. Kwao, msichana katika nyumba kama hiyo anaweza kuachwa nyumbani bila kuolewa, azae watoto kwa jina la baba yake, na wanawe wa kiume wawe ndio warithi. Yeye ndiye aliyeachwa. Alikuwa na wavulana wawili, na ardhi ya kundi, iliyokuwa ikimilikiwa kwa pamoja, ilipogawanywa, sehemu ya baba ilibaki nyumbani kwa sababu yao. Nilielewa basi kwa nini hakucheka ile siku yake ya tatu. Nilielewa, na badala ya kumhurumia nikamwonea wivu mpya: kwao kulikuwa na njia. Kwetu hapakuwa na njia yoyote.

Mama yake, mwanamke mkongwe mwenye shanga shingoni na kitambaa cha kanisa kichwani, aliomba kusema. Alizungumza Kimaasai, na binti ndiye aliyetafsiri, macho chini.

"Anasema anataka kumshukuru mwalimu mwenye funguo," akatafsiri. "Anasema binti yake alikuja nyumbani na kitabu kimefungwa gazeti, akamsomea kwamba kuna watu mbali ambao wana nyumba kama yetu. Anasema siku hiyo aliacha kuona aibu ya kutozaa mvulana." Mama akamgusa mkono aendelee. "Anasema wewe ndio ulifungua mlango."

Watu walipiga makofi. Mama mkongwe alinitemea mate kidogo kiganjani, ndiyo baraka yao, na nilisimama pale nikiwa nimenyoosha mkono mbele yangu, sijui niuweke wapi.

Aliondoka mwaka wa tisini na tisa. Aliniachia vitabu vyote na kikundi. "Usiache Jumatano ife," aliniambia. Nami sikuiacha. Kila baada ya miezi miwili mitatu bahasha kubwa ilifika kwa sanduku la posta la shule, ikiwa na jina langu: nakala za makala mpya, sura za vitabu vilivyotoka mwaka uleule, na karatasi moja ya mwandiko wake ikieleza kwa nini kila kimoja ni muhimu na nani anabishana na nani. Nilizisoma Jumatano. Mwanzoni nilisema, "Haya yametoka kwa mwenzetu." Walimu wapya walipokuja wasiomjua, niliacha kusema. Maelezo yake niliyatoa kama yangu. "Huyu mwandishi anabishana na yule," nilisema, nikivua miwani. Jina la Balozi likarudi, nami nikalipokea. Barua zake zilikuwa zikimalizika kwa swali, "Na wewe unaonaje?" Sikumjibu kwa zaidi ya mistari minne kwa miaka yote hiyo.

Alirudi mwaka wa elfu mbili na nne, kwa miezi sita, kufanya utafiti wake mwenyewe. Tulikuwa tumejenga nyumba yetu Kitengela kufikia wakati huo, na mji ulikuwa umejaa maghorofa mahali palipokuwa na pundamilia. Alikuja Jumamosi asubuhi, amenenepa kidogo, amebeba kinasa sauti na kanga ya Namanga aliyoniletea mimi. Tulikunywa chai. Akaniambia anaandika kuhusu jinsi nyumba zisizo na wavulana zinavyotafuta mrithi, Kajiado kwa upande mmoja, Japani na Korea kwa upande mwingine, na sasa anataka kuongeza nyumba za magharibi mwa Kenya.

"Nilitaka kuongea na wewe," akasema. "Kuhusu nyumbani kwa mzee."

"Nani alikuambia kuhusu nyumbani kwetu?"

"Wewe. Siku tulipokuwa tukipiga pasi karatasi za Korea. Ulisema, 'Hawa ni kama sisi, mtoto wa ndugu ndiye anachukua.' Ulisema mara moja ukanyamaza. Huwa nakumbuka."

Nilikuwa nimesahau kabisa. "Mimi sitakuwa mfano kwenye kitabu cha mtu," nikasema.

Alizima kinasa sauti, ingawa kilikuwa hakijaanza. Nje wanangu, ambao sasa walikuwa warefu kunishinda, walikuwa wakiosha viatu vya shule. Sijui ni nini hasa kilichonifungua kinywa. Nadhani ni kule kujua kwamba atainuka, aende zake kwa adabu, aniandikie tena baada ya miezi miwili.

"Ile Ijumaa ya El Niño," nikasema, "niliona dari. Niliona maji yakidondoka juu ya vitabu vyako. Nikahamisha vyangu."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuona ukivuka uwanja na katoni kwa kichwa. Nilikuwa darasani, kidato cha pili. Nikafikiri, ah, anahamisha vitabu, atarudi achukue zingine. Jumatatu nikaelewa." Alizungusha kikombe chake. "Nilikasirika, usifikiri sikukasirika. Kule Japani mwaka wa kwanza kulikuwa na baridi, sina mtu wa kuongea naye, nilikuwa nakukasirikia kila siku nikitembea kwenda chuo. Ilikuwa inanipasha joto."

Hakutabasamu aliposema hivyo, lakini karibu.

"Basi mbona ulikuwa ukinitumia zile makala?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kitu cha kitoto. "Ningemtumia nani mwingine? Nani mwingine angesoma mpaka mwisho?"

Nilimwambia pia kuhusu Jumatano, kwamba niliyatumia maelezo yake kama yangu. Hilo hakulijua, na nililiona likimwingia. Alikunja midomo. Aliniuliza walimu walisema nini kuhusu ile makala ya wajane wa Korea. Nikamweleza nilivyokumbuka. Akauliza tena, nani alisema nini, walipinga wapi. Ilichukua muda mrefu, na hasira yake ilipungua kadiri alivyoandika, maana alikuwa ameanza kuandika.

Kisha nikamwambia awashe kinasa sauti. Nilimsimulia yote ya nyumbani, tangu mazishi mpaka sufuria, mpaka siku binamu yetu alipokata miparachichi aliyopanda baba. Nilizungumza mpaka saa ya chakula cha mchana. Nilipomaliza alisema, "Kwenu ni Korea, enkanashe. Miaka hii yote ulikuwa unatusimulia Japani, na kwenu ni Korea." Nilicheka, na kicheko kilitoka na machozi kidogo, nikainuka kwenda kukoroga maharagwe.

Kitabu chake kilitoka miaka michache baadaye, kikaja kwa posta. Nimo kwenye sura ya tano, bila jina, mwalimu mmoja kutoka magharibi. Nilikisoma na penseli mkononi, kama zamani. Kilikuwa kizuri. Kila ukurasa mzuri ulinichoma, na kurasa nzuri zilikuwa nyingi. Katika sura yangu nilipata kosa: ameandika kwamba binamu alikata miembe. Nilifurahi asubuhi nzima. Nilimwandikia barua pepe kutoka duka la mtandao lililo karibu na stendi, nikamweleza kosa hilo kwa aya mbili ndefu. Alijibu siku hiyohiyo kwamba ni kweli, amesikiliza kanda tena, na kwamba akichapisha upya atarekebisha. Chini aliambatisha makala mpya kuhusu wasichana wa viwandani Uchina, wanaotoka vijijini, wanalala wanane chumba kimoja, wanatuma sehemu ya mshahara nyumbani na kuficha nyingine. "Na wewe unaonaje?" aliuliza.

Niliisoma makala hiyo mara mbili nikiwa nimeketi uani. Ng'ambo ya ua wetu kulikuwa na ploti ya vyumba vya kupanga, mlango kwa mlango, na wasichana wa viwanda vya nguo vya Athi River walikuwa wakirudi kutoka kazini, wameshika viatu mikononi kwa sababu ya matope. Nilikuwa nimewaona wakipita kila jioni kwa miaka na sikuwahi kuwauliza lolote zaidi ya habari yenu. Wengine walitoka kwetu kabisa, niliwatambua kwa lafudhi.

Jumamosi iliyofuata nilivuka na daftari na mkate. Msichana mmoja alinipisha kwenye kitanda, nikaketi, nikamwuliza ni nani anayejua kwao mshahara wake ni kiasi gani. Alimtazama mwenzake aliyekuwa akipika, wakacheka wote wawili, kisha akaanza kunieleza. Nilijaza kurasa nne, nikaambiwa nirudi wiki ijayo, kuna mwingine ana mengi zaidi.

Mwenzangu sijamwambia. Ninataka kwanza nijaze kurasa ambazo hataweza kusema alizifikiria yeye.